Bakteria sugu anaishi tumboni na wala siumwi tumbo, inawezekanaje?

Mama wa Mikindani
Habari zenu wapendwa. Tangu msimu wa korosho uanze hii ni mara ya tatu UTI inanirudia. Mara mbili za mwanzo nilienda tu duka la dawa nikapewa sipro, nameza siku mbili naona nafuu naacha. Safari hii daktari kagoma kuniandikia dawa mpaka nioteshe mkojo (maabara wanakuza bakteria waone dawa ipi inamuua), nikasubiri siku tatu, majibu yamekuja bakteria E. koli, mbele ya sipro wameweka R (yaani haimuui), septrini R, amoksilini R, nitrofurantoini ndo ina S (inamuua). Anasema huyu bakteria huenda yuko tumboni kwangu siku nyingi. Jamani mi siharishi, tumbo haliumi, nakula vizuri! Na mwanangu wa miaka minne anaye?

Maabara Kusini
Pole sana dada. Nipo maabara hapa Mtwara. E. koli wote tunao kwenye utumbo, ila kuna koo chache, yaani aina zake, zina mawili kwa pamoja, dawa nyingi haziwaui na wanajua kung'ang'ania kwenye njia ya mkojo, unaojulikana sana unaitwa ST131, umeshaenea dunia nzima. Akiwa tumboni hana neno na wewe. Kule Seattle, Marekani, walipima choo cha wanawake zaidi ya 1,000 ambao hawakuwa na UTI, karibu 9% wakakutwa na E. koli asiyesikia sipro. Watu wazima na afya zao kabisa. Sasa zile sipro zako za siku mbili ziliua wale wanyonge waliokuwa wanagombania naye chakula na nafasi, ni sawa na kupalilia shamba ukang'oa mikorosho ukaacha magugu, ndo maana kila akivuka kwenda kwenye mkojo unaumwa upya.

Kaka wa Lindi
Mi nisingekubali kukaa naye, dada kachome sefutriaksoni siku tano tumbo lisafike

Nesi Nachingwea
Kaka nakuomba sana usishauri hivyo. Kuna hao wa ESBL, wanatoa kimeng'enya kinaivunja hiyohiyo sefutriaksoni, na vinasaba vya usugu huo mara nyingi viko kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA, mmoja anampa mwenzie hata wa aina nyingine, utamwongezea tatizo. Aliye tumboni hatibiwi, kwa wengi anapungua mwenyewe baada ya miezi wale wa kawaida wakirudi. Hata akionekana kwenye mkojo na huna dalili yoyote tunamwacha, isipokuwa mjamzito, huyo lazima atibiwe. Mama, mtoto anaweza kuwa naye maana mnaishi pamoja, asipewe dawa yoyote kama haumwi, mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla hujashika chakula, na ukijisafisha anzia mbele kwenda nyuma. Ukipata homa na kiuno kuuma wahi hospitali usiku huohuo, hapo keshapanda kwenye figo.

Mama wa Mikindani
Asanteni mno, nimelia kidogo hapa. Nitrofurantoini naimaliza yote nilivyoandikiwa. Mtoto yuko kwa bibi yake Newala, mama huwa anampa septrini kila akipata mafua, nimempigia sasa hivi nimemwambia aache, kasema ana chupa nzima kabatini.