Naomba ushauri: kijana kapata shule ya bweni Dar, ada milioni 3.6

Mtu wa Mahuta: Wakuu, kijana wangu anafanya mtihani wa la saba mwezi ujao. Kafaulu usaili wa shule ya bweni ya binafsi Dar, wanakosoma watoto wa wakubwa. Ada 3,600,000 kwa mwaka. Nataka akae nao dawati moja, maana siku hizi kazi ni kujuana. Niendelee au niache? Usiku silali.

Salfa Mbichi: Fedha utatoa wapi?

Mwalimu Mstaafu, Masasi: Si jambo geni. Shule ya Tabora ilianza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, waje kutawala. Eton ya Uingereza mfalme aliianzisha 1440, vijana 70 maskini wasome bure. Wenye nazo wakaingia kwa kulipa, ikawa yao. Hata Mkapa wetu wa Lupaso alipitia Ndanda na Pugu. Mimi nilisoma Chidya. Nikiugua, wa kwanza kupiga simu ni niliyelala naye deka moja.

Salfa Mbichi: Mahuta, hujajibu.

Mtu wa Mahuta: Nimeshalipa 400,000 ya kushika nafasi. Nilichukua kangomba, fedha ya mapema nitakayolipa kwa korosho za msimu.

Salfa Mbichi: Kangomba! Kwa mikorosho ya nani?

Mtu wa Mahuta: Ya mke wangu, alirithi kwa mjomba wake. Sijamwambia. Lakini mtoto si wetu sote?

Mama Nachingwea: Kaka yangu, mwambie leo, kabla hajaanza kuokota. Mimi walikuja na pikipiki, wakabeba magunia yangu matatu, ndipo nikaambiwa ni deni la mume. Sikumrudia. Una mtoto mwingine?

Mtu wa Mahuta: Binti, kidato cha pili, shule ya kata. Anaongoza darasa.

Mama Nachingwea: Na yeye hahitaji wa kujuana nao?

Mvuvi wa Kilwa: Hadithi ya kutunga hii. Mtihani bado, kafaulu nini?

Mtu wa Mahuta: Shule za binafsi husaili zenyewe, ndugu. Fomu ninayo mkononi: shuka nyeupe mbili, raba nyeupe, tranka la bati na kufuli mbili. Tranka nimeshanunua, liko uvunguni, nimelifunika gunia. Leo asubuhi mke wangu kafagia, kalisogeza, kalirudisha. Hakuuliza kitu.

Mama Nachingwea: Basi anajua. Weka simu chini, nenda kwake.