Mataifa Sita ya raga: timu ikishika mkia kila mwaka haishuki daraja?

mtoto_wa_ujiji
Wakuu habari za leo, naomba kueleweshwa. Jumamosi tupo banda la mpira hapa Mwanga Kigoma tunasubiri mechi ya usiku, mwenye banda akaweka raga ya Mataifa Sita, watu wakanuna ila mi nikanogewa mpaka mwisho. Sasa jamaa mmoja akasema Italia wameburuza mkia miaka kibao na bado wapo tu. Kwani hawashuki? Halafu mbona aliyefungwa nae anapata pointi?

kaliua_tbr
Hakuna kushuka mkuu. Haya mashindano yana wenyewe, walianza England, Skotlandi, Welisi na Ayalandi 1883, Ufaransa wakaingia 1910, Italia 2000 ndo ikawa sita. Kwenye msimamo ushindi pointi 4, sare 2, ukifunga trai 4 (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani) unaongezewa 1 hata kama umepoteza, na ukipoteza kwa tofauti isiyozidi 7 unapata 1. Bonasi zimekuja 2017.

dagaa_kibirizi
Mi hapo ndo sikubali kabisa. Jojia, ambao hawamo kwenye hayo Mataifa Sita, Julai 2022 kawapiga Italia 28-19 kwao Batumi, Novemba hiyohiyo kaenda Cardiff kamfunga Welisi kwake 13-12, sasa afanye nini tena ili afunguliwe mlango? Kwenye soka, Mashujaa wetu wa Kigoma walipanda ligi kuu 2023 kwa jasho, mlango ulikuwepo. Wawekeane hata mechi ya mchujo, wa mwisho acheze na bingwa wa mashindano ya chini yake.

kaliua_tbr
Nakuelewa ndugu yangu, ila Italia wangeshushwa tusingeona ya Machi 2022. Walikuwa wamepoteza mechi 36 mfululizo za Mataifa Sita tangu 2015, wapo Cardiff, Welisi anaongoza 21-15 dakika zinakaribia kuisha, dogo Capuozzo wa Italia akaokota mpira akakata watu akampa mwenzake Padovani, trai, inakuwa 21-20, Garbisi akapiga teke la nyongeza linalopigwa baada ya trai, 22-21, watu wazima wanalia uwanjani! Josh Adams wa Welisi ndo alipewa medali ya mchezaji bora, akaenda kumpa Capuozzo. Mi nilikuwa naangalia kwa simu bando likakata, nikakimbia dukani.

dagaa_kibirizi
Hiyo ya medali sikuijua, imenigusa. Ila Jojia wapewe mechi yao.

mtoto_wa_ujiji
Asanteni sana kaka zangu. Jumamosi naenda mapema nikamwombe mwenye banda aweke tena.