Kwa nini picha za setilaiti za mahali pamoja hazifanani?

Swali
Wanajamvi, salaam. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikiizunguka dunia kwa Google Earth, na jana nikafungua Worldview, tovuti ya NASA ya picha za setilaiti, ili niitazame Bahari ya Aral, lile ziwa la Asia ya Kati linalokauka. Katika ile ya kwanza huwa naona hata kivuli cha mti mmoja mmoja, ilhali katika hii ya pili, nikikuza kidogo tu, kila kitu kinageuka miraba ya rangi. Je, nakosea mahali? Na je, ninachokiona ndicho kilichopo hivi sasa?

Jibu la 1
Ndugu, hukukosea popote. Picha nyingi za Worldview hutoka kwenye kamera ya MODIS, iliyomo katika setilaiti za Terra na Aqua, ambayo pikseli yake, yaani nukta ya picha, iliyo ndogo kabisa hubeba mita 250 za ardhi kila upande, kiasi kwamba viwanja kadhaa vya mpira huishia ndani ya nukta moja. Hata hivyo, kwa kuwa kila inapopita hupiga ukanda wenye upana wa kilomita 2,330, huimaliza dunia nzima kwa siku moja au mbili. Google Earth, kwa upande wake, imeshonwa kwa vipande vya siku na hata miaka tofauti. Pengine utakuta mstari mnyoofu ambapo msitu wa kijani unageuka kahawia ghafla. Msitu unaendelea, kilichobadilika ni tarehe ya picha. Tafadhali isome tarehe hiyo chini ya skrini kabla ya kuamini kwamba unaona ya leo.

Jibu la 2
Kwa Aral, miraba hiyo inakutosha kabisa. Weka tarehe ya Agosti 2000, kisha Agosti 2014, na utaona bonde la mashariki limekauka lote, likabaki jeupe kwa chumvi. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwenye mashamba ya pamba, nami kila nikiirudia picha hiyo huniuma. Ukitaka undani zaidi, tafuta picha za setilaiti za Landsat, zenye pikseli ya mita 30, ambazo tangu 2008 hutolewa bure.

Muulizaji
Nimeiona, na nashukuru sana. Je, Mwezi nao unaweza kutazamwa hivyo?

Jibu la 1
Naam, fungua Moon Trek, tovuti ya NASA ya ramani za Mwezi. Chombo cha NASA kiitwacho LRO kinauzunguka Mwezi tangu 2009, na kwa kuwa huko hakuna mawingu wala hewa ya kuzuia, picha zake kali hufikia takriban nusu mita kwa pikseli. Tafuta mahali walipotua wanaanga wa safari ya Apollo 17 na uchague picha iliyopigwa jua likiwa chini: utaona sehemu ya chombo iliyoachwa pale mwaka 1972 ikitupa kivuli, na kando yake mistari myembamba, myeusi kidogo, iliyoachwa na nyayo za wanaanga na magurudumu ya gari lao.