Kupima tanki la mbege: kwa maji au kwa hewa?

Mjukuu_wa_Himo
Wakuu, habari za majukumu. Tunapika mbege (pombe ya ndizi na ulezi) kifamilia hapa Moshi, bibi ndiye mwanzilishi. Tumechoka na mapipa ya plastiki, tumenunua tanki la steinlesi la mtumba, lita 1,000, ili mbege ichujwe, itiwe gesi na kuingia kwenye chupa. Sasa kulipima kama litahimili presha bila kuvuja. Fundi wa kwanza anasema alete kompresa, ajaze hewa hadi baa 3 (baa ni kipimo cha presha), apake povu la sabuni, nusu saa kamaliza. Wa pili anataka tulijaze maji kisha asukume presha kwa pampu ya mkono. Huyu bei yake imechangamka, na maji yenyewe tunapata kwa zamu. Nimfuate yupi?

FundiGeji
Maji, mkuu. Maji hayabaniki: mshono ukiachia yanachuruzika na presha inashuka palepale. Hewa iliyobanwa ni springi, kifuniko kitaondoka na kichwa cha mtu. Mazoea ni kupima mara 1.5 ya presha ya kazi. Kama utafanyia kazi baa 2 (si zile za nyama choma), pima kwa 3, funga pampu, kaa uangalie geji, yaani saa ya presha. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Hiyo sabuni itumie baadaye, kwa hewa kidogo sana, kutafuta gasketi inayopumua. Na geji ihakikiwe kwanza, maana iliyokwama haishuki hata tanki likiwa tupu.

Kompresa_Tu
Miaka saba napima kwa hewa, sijaumia.

FundiGeji
Na bodaboda wasiovaa kofia ngumu husema hivyohivyo.

Mama_Njoro
Mwanangu, lita 1,000 za maji ni tani nzima. Angalia miguu ya tanki na sakafu kabla hujafungulia bomba. Halafu wakati wa kumwaga, fungua juu kwanza! Kijana wetu alifungua valvu ya chini, juu kukiwa kumefungwa kote. Tanki likajinyonya, likabonyea kama kopo la soda. Mpaka leo tunawekea pumba za nguruwe.

Kimea_cha_Ulezi
Mbona hakuna aliyeuliza tanki lilikuwa la nini? Matanki mengi ya maziwa hayakuundwa kubeba presha kabisa, hapo maji na hewa yote ni kazi bure. Soma kibati chake cha maelezo. Na kama ni chombo cha presha kweli, ukaguzi wake ni wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, fundi wa mtaani hawezi kukupa cheti.

Mjukuu_wa_Himo
Nimekisugua kibati sasa hivi kwa kitambaa na petroli. Lita zimeandikwa, nyuzijoto zimeandikwa, presha hakuna kitu. Muuzaji naye sasa anakiri lilitoka kwenye maziwa.

Basi litakuwa la kuchachulia tu, na tundu la juu wazi gesi itoke. La kutia gesi tutatafuta jingine. Bibi amesikia, anacheka. Anasema yeye hiyo gesi hakuiagiza.