Usukani umekaa upande baada ya kubadilisha mauntini za injini

Swali, kutoka Goma: Ndugu zangu, tangu nibadilishe mauntini, yaani vishikizo vya injini, usukani umekaa upande, na bamba la chini linalokinga injini linagonga kwenye barabara zetu za mawe ya volkano. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu, huenda fremu ndogo inayobeba injini haikurudi kwenye alama zake za zamani. Ilegeze huku jeki ikiishikilia, uilinganishe, kisha ukaze bolti kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari, ndipo magurudumu yapimwe alaimenti, yaani kama yamenyooka sawasawa.

Jibu: Naongeza kwamba bamba hufungwa mwisho, baada ya kuhakikisha kuwa raba zinazoshikilia egzosi (bomba la moshi) zimeingia mahali pake na kwamba bomba hilo haligusi bamba, kwa maana bamba likiwa la plastiki litayeyuka. Klipu za bamba zilizovunjika, nakuomba sana, zinunue mpya, usifunge kwa waya.