Mume amefariki, shemeji anataka anirithi au niondoke. Naombeni ushauri

MamaKulwa:
Wakuu, mume wangu alifariki kabla ya masika, tukamzika kwao Magu. Ndoa yetu ni ya kimila, mahari ilitolewa, watoto wako shule ya msingi. Tulipomaliza matanga kaka yake akasema mbele ya wazee: anirithi, au nirudi kwetu na watoto wabaki. Nyumba ya hapa Mwanza tuliijenga wote, tofali nyingi zilitokana na dagaa wangu. Mtaji uliishia kwenye matibabu. Shemeji namheshimu, ila simtaki. Nawaza kwenda Geita kwa dada yangu nikaanze upya. Usiku bado nalala upande wangu wa kitanda, wa kwake siugusi. Nishaurini.

KaraniMstaafu:
Pole sana binti yangu. Nimefanya kazi masjala ya Mahakama ya Mwanzo mpaka nastaafu. Usihame kwanza. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mjane uhuru wa kuishi anapopenda, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. La kurithiwa limeishia hapo.

Nyumba ndiyo ngumu, sikufichi. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 hazimpi mjane fungu kama ndugu wa marehemu wapo. Zinasema atunzwe na watoto wake. Kwa hiyo usiende kudai urithi, nenda kudai CHAKO. Karatasi ya kununulia kiwanja ina jina la nani? Kama mmeandikwa wote wawili, kifungu cha 60 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinawahesabu kuwa na haki sawa mpaka mtu athibitishe vingine. Tafuta risiti za saruji, na fundi uliyekuwa unamlipa kwa mkono wako.

NgwanaMagu:
Mzee Karani, sawa, lakini hao mashemeji ni baba wadogo wa watoto. Ukianza na mahakama, kesho nani atasimama kwenye harusi ya Kulwa? Dada, mtafute mzee mmoja wa ukoo anayesikilizwa, ikiwezekana shangazi yake marehemu, umweleze kwa upole.

KaraniMstaafu:
Mzee aonwe, sipingi. Ila kikao cha ukoo ndicho kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, basi binti asikikose. Na akiteuliwa shemeji, binti ajue kwamba msimamizi si mwenye mali. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Nyumba ikiandikwa yote kuwa ya marehemu, weka pingamizi. Cheti cha kifo kitoke RITA, wakala wa serikali wa usajili, nawe ubaki na nakala.

MjaneMwenzio:
Mama Kulwa, mimi nilibaki palepale. Mwenye duka alinipa unga kwa daftari kwa sababu ananijua. Geita utaanza kwa kujieleza kwa kila mtu, na moyo wako sasa hauna nguvu hiyo. Kuhusu kitanda, mwache mtoto mdogo alale hapo. Mimi ndivyo nilivyoanza kupata usingizi.

MwaloniKirumba:
Biashara unaijua, mtaji ndio umekatika. Rudi na debe, achana na gunia kwa sasa. Nunua wakati wa giza dagaa wakiwa wengi, uwe nao mkavu mbalamwezi ikitoka na mitumbwi imelala, bei inapanda. Mvua ikikaza usinunue wabichi, wataoza kabla hujaanika.

MamaKulwa:
Asanteni, nimesoma kila neno. Nimetoka kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala ya mauziano anayo na majina yetu yote mawili yapo. Nimelia mbele yake. Geita siendi. Jumamosi namfuata shangazi Magu, nimeshampigia. Mzee Karani, nakala hiyo niigonge muhuri kwa nani? Na wewe wa Mwaloni, kuna anayeweza kunipa debe mbili kwa mali kauli, nilipe nikishauza?