Babu aliyepelekwa Tasmania akiwa mfungwa: nianzie nyaraka zipi?

Mama Ilham:
Habari za humu wakuu. Naandika nasaba ya watoto wangu upande wa baba yao, ambao ni Waaustralia. Kuna babu aliyefia jimbo la Victoria, hukohuko Australia, mwaka 1871. Ukoo wanasema alipelekwa Tasmania akiwa mfungwa miaka ya 1840, akitokea Lancaster, Uingereza. Meli haijulikani, na jina lake ni la kawaida mno, wenzake wamejaa kila orodha. Kwenye kumbukumbu za Old Bailey hayumo. Nifanyeje nisije nikabandika babu wa watu kwenye ukoo wetu?

Karani wa Zamani:
Dada, Old Bailey ilikuwa mahakama ya London na viunga vyake. Mtu wa Lancaster usingemkuta humo hata ukeshe.

Usianze na meli, anza na cheti cha kifo. Vyeti vya Victoria kuanzia 1853 vina mambo mengi: wazazi wa marehemu, alikozaliwa, alioa wapi na akiwa na umri gani, watoto wake, na miaka aliyokaa kwenye makoloni. Toa hiyo miaka kwenye 1871, upate makisio ya mwaka wa kufika. Ni makisio tu, maana aliyemjibu karani wa usajili si marehemu, na familia nyingi zilitaja miaka ya Victoria zikairuka ile ya Tasmania. Kisiwa chenyewe kiliitwa Van Diemen's Land, jina lililonuka jela hadi likabadilishwa mwaka 1856.

Kisha ingia mtandaoni kwenye faharasa ya majina ya Libraries Tasmania, maktaba na hifadhi ya nyaraka ya jimbo hilo. Ni bure, na picha za nyaraka zimo. Usichague mmoja, orodhesha wote wenye jina hilo waliofika ndani ya makisio yako. Kwa kila mmoja fungua mafaili matatu. CON 33 ni mwenendo wa wanaume waliofika kati ya 1840 na 1853. CON 18 ni maumbile yake: urefu, makovu, chale. CON 14 ni orodha ya kushukia meli, na ndiyo dhahabu yenyewe, kwa sababu orodha za miaka hiyo mara nyingi hutaja baba, mama na ndugu, na mahali walipokuwa wakiishi. Linganisha na wazazi walio kwenye cheti cha kifo.

Halafu chuja. Aliyefia Tasmania kabla ya 1871, mfute. Aliyeomba ruhusa ya kuoa (CON 52), linganisha jina la mke. Umri usiupe uzito, watu walikuwa wakikosea hata miaka mitano. Ninachokubali mimi ni vitu vitatu vinavyoafikiana: wazazi au ndugu, mahali pa kuzaliwa, na kazi ya mikono.

Mwana Preston:
Naongeza hapo kwenye Lancaster, maana wengi hupotelea hapo. Kuhukumiwa Lancaster si kuishi Lancaster. Hadi 1835 kesi kubwa za mkoa mzima wa Lancashire zilisikilizwa kwenye ngome ya mji huo, halafu Liverpool nayo ikapewa kikao chake. Kwa hiyo aliyehukumiwa Lancaster kabla ya hapo anaweza kuwa mtu wa Manchester au Bolton kabisa, na hata babu wa miaka ya 1840 anaweza kuwa wa mji mwingine wa mkoa huo.

Pili, ukienda The National Archives, Kew, yaani hifadhi ya taifa ya Uingereza, usimtafute kwenye mafaili ya ASSI (ya mahakama za mzunguko) kama wa mikoa mingine. Lancashire ilikuwa na mahakama yake ya kipekee, na kesi zake ziko kwenye PL: mashtaka PL 26, maelezo ya mashahidi PL 27. Kama kesi ilikuwa ndogo, ya vikao vya robo mwaka, karatasi ziko hifadhi ya mkoa, Preston. Utajuaje ni ipi? Angalia kwanza HO 27, rejista ya washtakiwa iliyopangwa kwa mkoa na mwaka, inaonyesha kikao. Ila humo wamo hata walioachiwa huru, soma safu ya hukumu.

HO 11 ni ya meli: ina jina, mahali na tarehe ya hukumu na muda wa kifungo. Umri haumo, kosa halimo, kwa hiyo peke yake haitakutenganishia watu wa jina moja. Pitia na HO 18, maombi ya msamaha ya 1839 hadi 1854. Mke au mzazi akiomba, hueleza hali ya nyumbani kuliko karatasi nyingine yoyote.

Mama Ilham:
Asanteni sana. Kwenye faharasa jina la meli lina namba kwenye mabano. Ni nini?

Karani wa Zamani:
Ni safari. Meli moja ilileta wafungwa mara kadhaa, kwa hiyo namba 2 na namba 3 ni watu tofauti, miaka tofauti. Ukiidondosha hiyo namba umeharibu kazi yote.

Bint Sydney:
Na mimi niulize hapohapo: kama mtu alishukia Sydney?

Karani wa Zamani:
Hifadhi za New South Wales, na sensa ya 1828 kama alifika kabla yake. Jihadhari na vifupisho vya sensa: CF ni aliyekuja akiwa huru, BC kazaliwa koloni, FS kamaliza kifungo, TL ana kibali cha kujitafutia riziki kabla ya kifungo kuisha. GS tafsiri yake ni "mtumishi wa serikali", na watu hushangilia kwamba babu alikuwa ofisa. Huyo ndiye mfungwa mwenyewe. Aliyefungwa maisha usimtafutie cheti cha uhuru, hakupewa. Tafuta msamaha, wa masharti au kamili.